Maana ya uwiano wa viwanda na uchumi wa kijani katika mji wa bonde la mto

Bonde la mto, kwa lugha ya wataalamu wa maji, si ile sehemu ya chini inayopita mto peke yake, bali ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake hutiririka na hatimaye kuishia katika mto huo. Kwa hiyo mji unaweza kuwa wa bonde fulani hata kama wakazi wake hawauoni mto kutoka madirishani mwao. Uchumi wa kijani, nao, ni uchumi ambao uzalishaji na kipato hukua bila kuimaliza rasilimali ya asili inayouwezesha ukuaji huo. Dhana hizi mbili zikikutana katika mji wa viwanda ndipo linapozuka neno uwiano, ambalo kwa maoni yangu hupotosha wengi, kwa kuwa hutufanya tufikirie mizani ya dukani: kiwanda huku, miti kule, na atakayepanda miti ya kutosha getini mwake huhesabiwa kuwa amesawazisha.

Tanga hutuonyesha kwa nini sivyo. Mtu anayefungua bomba katika kata za mjini kama Ngamiani au Chumbageni hupata maji ya mto Zigi, unaoanzia katika misitu ya Amani, milima ya Usambara Mashariki, ukateremka wilaya ya Muheza hadi maji yake yakakusanywa katika bwawa la Mabayani. Maji hayohayo ndiyo yanayouzwa kwa viwanda vya mjini. Mteremko ukifyekwa kwa ajili ya mahindi, au kingo za mto zikichimbuliwa na watafuta dhahabu, mvua ya masika hushusha udongo mtoni. Tope hujaa bwawani na kupunguza nafasi ya maji, na mtambo wa kusafisha hulazimika kutumia shabu nyingi zaidi ili tope litue chini. Gharama hiyo haionekani kwenye jembe la mkulima wala kwenye vitabu vya kiwanda, lakini ipo, na mlipaji wake ni yeyote mwenye mita ya maji. Uwiano, basi, ni hesabu ya bonde zima, ambamo kila mtumiaji huandikiwa anachochukua na anachorudisha.

Upande wa kurudisha hueleweka vizuri zaidi kwa mkonge, zao lililoijenga Tanga kabla ya saruji. Katika korona, yaani mtambo wa kuchakata mkonge, jani huingia mashinani likapondwa huku likimwagiwa maji, zikatoka singa, yaani nyuzi za mkonge, za kuanikwa juani. Singa hizo ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki, yaani nyama ya jani na utomvu wake mkali wa rangi ya kijani, kwa miaka mingi kiliswagwa na maji hadi mfereji wa karibu na kutoka hapo mtoni, ambako huoza, na katika kuoza vijidudu hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini hadi samaki wakakosa pumzi. Huo ni ukuaji wa kiwanda usio na hesabu. Kule Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo unaoozesha mabaki hayohayo ndani ya matangi yasiyoingiza hewa, ikapatikana gesi ya kuzalisha umeme. Korona haikufungwa, kilichobadilika ni njia ya taka yake.

Si kila kiwanda kina njia nyepesi namna hiyo. Saruji huhitaji mawe ya chokaa yachomwe katika joto la kiasi cha nyuzi 1,450, na sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotoka hutokana na jiwe lenyewe wala si kuni au makaa ya mawe, hivyo hata tanuri likipata nishati safi kabisa, jiwe litaendelea kuitoa.

Sheria imeshaweka mpangilio wa kutosha. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hutanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuuwezesha mto wenyewe kuendelea kuishi, ndipo zifuate shughuli za kiuchumi. Na anayetaka kuchota kwa ajili ya uzalishaji au kutiririsha majitaka huhitaji kibali cha bodi ya bonde, ambayo kwa Zigi ni ile ya Bonde la Pangani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo huzuia shughuli zinazoathiri kingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Fedha ndiyo sehemu ngumu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, ili kupanua miundombinu ya maji, na mkopo huo utarejeshwa kwa mapato ya ankara. Hatua hiyo ni nzuri, ila bomba jipya halizuii udongo kushuka. Huko juu, wakulima wa kando ya mito Kihuhwi na Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, wa kulinda vyanzo. Mkulima anayeacha mahindi ya mteremkoni akapanda mikarafuu hungoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma, ilhali mahindi yangemlisha ndani ya miezi minne. Katika hesabu ya bonde, miaka hiyo ya kungoja ni gharama ya maji ya kiwandani kama ilivyo shabu, na mpaka sasa sehemu kubwa yake hubebwa na mkulima mwenyewe.