Eksirei ya kifundo cha mkono: mionzi unayoiogopa na kuchelewa kunakokuumiza

Nimeanguka na bodaboda, kifundo cha mkono kimevimba. Naogopa mionzi. Si bora nisubiri siku chache?

Hapana, usisubiri. Wagonjwa wanaotufikia chumba cha eksirei wamechelewa karibu wote wana maelezo mamoja: waliambiwa eksirei inaleta saratani, wakaona wajaribu kwanza nyumbani. Wanapokuja, mkono umeshakandwa maji ya moto, umeshachuliwa, pengine umeshavutwa na fundi wa mifupa wa mtaani, na mfupa umeanza kushikana ukiwa umepinda. Kwa mtoto, siku 10 hadi 14 zinatosha mfupa kushikana vibaya kiasi cha kuwa kazi ngumu kuurudisha.

Lakini vidole vinacheza. Si nimeteguka tu?

Vidole kucheza si ushahidi wa chochote. Mfupa wa kifundo unaweza kuwa umevunjika na vidole vyote vitano vikacheza vizuri.

Picha moja ina mionzi kiasi gani?

Takriban milisivati 0.001 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Hata bila kukanyaga hospitali, kila mtu duniani hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Kwa hiyo picha moja ya kifundo ni sawa na saa chache tu za kuishi kwako kwa kawaida. CT-scan ya kichwa, yaani picha nyingi za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, hufikia milisivati 2 hivi, mara elfu mbili ya hiyo. Na mionzi ya eksirei haibaki mwilini. Mashine ikishazima imekwisha, kama taa iliyozimwa chumbani.

Kwa hiyo nisijali kabisa?

Jali, ila jali mahali panapostahili. Kanuni yetu ni kutumia mionzi kidogo kadiri inavyowezekana kwa picha inayosomeka. Picha ya kwanza yenye sababu haina tatizo. Tatizo ni picha za kurudia zisizo na lazima, na nyingi zinasababishwa na mambo yanayozuilika.

Vua bangili, saa, shanga na pete kabla ya kuingia. Chuma hufunika mfupa, picha inaharibika, tunapiga tena. Kama pete imekaza kwa uvimbe, sema mapema ikatwe. Tulia tunapokuambia tulia. Tena tafadhali, njoo na picha zako za zamani! Mtu amepigwa picha Jumatatu kituo kimoja, Jumatano anafika kwingine mikono mitupu, anaanza upya. Picha iliyopigwa kwa simu dhidi ya mwanga wa dirisha haitoshi kusoma ufa mdogo. Omba filamu yenyewe au nakala kwenye CD.

Usiende pia kujinunulia eksirei bila daktari kukushika mkono na kukupima. Bila yeye kusema panapouma, picha hupigwa mahali pasipo, na itabidi irudiwe.

Mwishoni, muulize daktari swali hili bila kuona haya: "Picha hii itabadilisha matibabu yangu?" Mtoto ambaye mfupa umebonyea kidogo tu bila kukatika, kwa kawaida hahitaji kupigwa picha ya kuhakikisha amepona.

Na hilo vazi zito la madini ya risasi la kuzuia mionzi, mbona sikuvalishwa?

Kinachokukinga zaidi ni ule mwanga wa mraba unaouona ukimulika mkono wako. Mionzi inalenga humo. Keti ubavu kwa meza, nyoosha mkono, miguu isiwe chini ya meza. Vazi la risasi tunamvalisha mzazi anayemshika mtoto, na vidole vyake vikae nje ya mwanga. Mama mjamzito asiwe yeye wa kushika.

Mimi mwenyewe ni mjamzito na nimevunjika.

Tuambie, kisha upigwe picha. Mkono uko mbali na tumbo, na mionzi inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Usikae na mkono uliovunjika hadi ujifungue.

Watoto hawana njia isiyo na mionzi?

Ipo: ultrasaundi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2023, wenye watoto 270 walioshukiwa kuvunjika mkono karibu na kifundo, ulionyesha kuwa walioanza na ultrasaundi walipata nafuu sawa na walioanza na eksirei. Ila inataka mtu aliyefundishwa. Kama hayupo ulipo, piga eksirei leo. Kuchelewa ndiko kunakoongeza mionzi: mfupa ulioshikana vibaya huishia chumba cha upasuaji, chini ya mashine ya eksirei inayopiga picha moja baada ya nyingine daktari akinyoosha mfupa.

Picha ya kwanza haikuonyesha kitu, lakini bado naumwa kwenye kishimo chini ya kidole gumba.

Hapa kurudia ni haki yako. Kuna kimfupa kiitwacho skafoidi ambacho ufa wake mara nyingi hauonekani siku za mwanzo. Unafungwa plasta gumu, unarudi baada ya siku 10 hadi 14. Damu ya kimfupa hiki huingia zaidi kutoka upande wa vidole, hivyo kikivunjika bila kutulizwa, kipande cha upande wa pili kinaweza kufa. Wengi huvua plasta wenyewe kwa kuwa "picha haikuonyesha kitu". Usivue! Rudi siku uliyopangiwa.

Kituo cha karibu hakina mashine.

Funga mkono kwa kibao na kitambaa bila kukaza, uning'inize shingoni, usichue, usivute, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, au mfupa umetoboa ngozi, ondoka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.