Mita 13 za mraba kwa watu wawili: mteja wangu alivyokereka Japani

Saa nane usiku simu inaita. Ni mzee mmoja wa Kariakoo, muuza magari, mteja wangu wa siku nyingi. Yuko Yokohama na mkewe, na kule ni saa mbili asubuhi. "Mwanangu, hiki ulichonipa ni chumba au stoo?" Ikafuata picha kwenye WhatsApp: sanduku limefunguliwa juu ya kitanda kwa sababu sakafuni halifunguki, na bi mkubwa amekaa ukingoni, mkoba mapajani, kama anayesubiri daladala.

Kazi yangu ni kuwatafutia tiketi na hoteli wanaokwenda Japani kununua magari, na lawama hii naipokea karibu kila msimu. Hoteli haikumdanganya. Karatasi ilisema "semi double, mita 13 za mraba". Nilimpa na chaguo la chumba kikubwa zaidi, akachagua cha bei nafuu. Yeye macho yake yalisoma "double" tu.

Sasa hicho kitanda cha semi double upana wake ni sentimita 120 hivi, yaani ile nne kwa sita yetu. Mzee nyumbani analala kwenye sita kwa sita. Wajapani wanakiuza kama kitanda cha mtu mmoja anayependa kujinyoosha, au wawili wanaovumiliana. Kwa maoni yangu kukiuza kwa wawili ni ujanja, lakini ujanja ulioandikwa wazi. Na zile mita 13 zinahesabu mpaka bafu. Toa bafu, toa kitanda, toa meza na kijia cha mlangoni, unabaki na nafasi ya kuswali mmoja mmoja.

Bafu lenyewe lina historia. Sakafu, kuta, beseni na choo huja kama boksi la plastiki lililotengenezwa kiwandani, likafungwa tu mahali pake. Mtindo huu ulianzia Hotel New Otani ya Tokyo, iliyokuwa inakimbizana na Olimpiki ya 1964 ikiwa na vyumba zaidi ya elfu moja. Mafundi wasingemaliza kujenga bafu moja moja. Ndiyo maana utakuta bomba moja lenye shingo ya kuzungusha: ukilielekeza huku unanawa uso, kule unajaza beseni la kuogea. Mzee hakulijua hilo, akafungua maji ya shawa akiwa na kanzu.

Yokohama ilikuwa afadhali. Kilichomuumiza hasa ni usiku mmoja Hakone, mji wa chemchemi za maji moto, kwenye ryokan, nyumba ya wageni ya kienyeji, ile ya mikeka ya tatami na godoro la kutandikwa chini. Kule mara nyingi bei huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba, na ndani yake mna chakula cha jioni na kifungua kinywa. Chakula hicho ndicho nusu ya raha unayoilipia: vijibakuli kwa vijibakuli, samaki aliyenunuliwa akipigiwa hesabu ya wageni waliopo. Huanza kama saa kumi na mbili jioni. Mzee alichelewa mnadani, akafika saa mbili na nusu. Jiko limefungwa, magodoro yameshatandikwa.

Akauliza kama anaweza kupata hata samaki wa kukaanga. Dada wa mapokezi akainamisha kichwa pembeni, akavuta hewa kwa meno, akasema "chotto..." na sentensi akaiacha hapo hapo. Neno hilo maana yake ni "kidogo". Kinywani mwa mhudumu wa hoteli maana yake ni hapana. Mzee, ambaye mkalimani wake alimfundisha maneno matano, alielewa "subiri kidogo", akasubiri dakika arobaini kwenye kiti cha ukumbini. Mwishowe wakamletea vibonge vya wali vilivyofungwa kwa mwani. Hapo siwatetei wenyeji: mgeni mwenye njaa anaambiwa hapana ikaeleweka, hata kwa mikono.

Bi mkubwa naye aligoma kuoga. Bwawa la maji moto wanawake wana lao na wanaume lao, lakini mnaingia bila nguo hata moja, pamoja na wageni usiowajua, na yeye mikononi ana hina, jambo linaloweza kuleta maswali mahali wanapokataza michoro mwilini. Alirudi chumbani akajifuta kwa taulo.

Nyumba nyingi za aina ile zina bafu la kukodi, kashikiri, unalifunga mwenyewe na mumeo kwa dakika 45 au 50. Hakuliuliza kwa sababu hakujua kama lipo, na hakujua kwa sababu mimi sikumwambia. Kamisheni ya usiku ule nimemrudishia.