Mashine ikivuta nywele, si lazima meno yawe butu

Ukipita saluni za Ngarenaro hapa Arusha, mashine ikianza kung'ata mteja hukumu ni moja: meno yameisha, yapelekwe kunolewa. Lakini wakati mwingine kosa ni la springi.

Mashine hukata kama mkasi. Meno ya chini yametulia, ya juu yanakwenda na kurudi, na springi ndiyo inayoyabana pamoja. Ikilegea, unywele unateleza katikati, unakunjwa badala ya kukatwa, na mteja anaruka kitini. Hapo hata meno mapya hayasaidii.

Chomoa umeme, fungua, toa nywele zilizojazana, kisha sukuma meno ya juu kwa kidole. Yakicheza ovyo bila ukinzani, au springi ikiwa na kutu au imepinda, weka mpya ya modeli hiyohiyo. Kuivuta kwa koleo, kama wengi tunavyofanya (nami nimefanya), ni kuiua. Ikibana kupita kiasi nayo ni hasara: meno yanachemka na mota inalemewa. Mafuta yawe ya mashine. Ya kupikia huganda, na mashine huvuta nywele kama yenye springi iliyochoka.