Neema si kudekeza: dhana potofu kuhusu kuwalea watoto wadogo katika imani

Wazazi Wakristo wa hapa Mwanza wanapozungumza, iwe kwenye ibada za nyumbani huko Nyakato au nje ya kanisa watu wakingoja mvua ikatike, neno neema hutajwa kwa furaha likihusu wokovu wa mtu mzima. Likiletwa kwenye habari ya mtoto wa miaka minne aliyemwaga uji makusudi, sauti hubadilika, na hakosi mtu wa kukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi ni baba wa watoto watatu na nimewafundisha watoto katika shule ya Jumapili kwa miaka 12, nami nimesadiki kwamba mengi tunayoyaita malezi ya Kikristo ni mazoea tuliyoyarithi, kisha tukayatafutia mstari wa Biblia wa kuyashikilia.

Methali ile ya samaki naipenda, ila wengi wanaoinena wamesahau jinsi samaki anavyokunjwa. Anayeandaa kambare wa kubanika humkunja taratibu mpaka mkia ufike kinywani, huku akifuata mwili wenyewe unavyokubali, kwa sababu akitumia nguvu nyingi samaki hupasuka, na samaki aliyepasuka hana bei katika soko la samaki la Mwaloni.

Dhana potofu: Kulea kwa neema ni kumdekeza mtoto

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote, na inatokana na kudhani kwamba neema na nidhamu ni mizani yenye sahani mbili, ambapo ukiongeza huku unapunguza kule. Paulo hakufundisha hivyo. Akimwandikia Tito, katika sura ya 2, anasema neema ya Mungu iwaokoayo wanadamu wote imefunuliwa, kisha anaongeza kwamba neema hiyo hiyo “yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia.” Mwalimu anayetajwa pale ni neema yenyewe. Tena kitenzi cha Kigiriki alichokitumia kwa kufundisha huko ni cha shina moja na neno paideia, ambalo katika Waefeso 6:4 limetafsiriwa kuwa adabu, pale akina baba wanapoagizwa wasiwachokoze watoto wao bali wawalee “katika adabu na maonyo ya Bwana.” Kwa Paulo, basi, adabu na neema hukaa nyumba moja.

Kudekeza ni jambo jingine kabisa, na Biblia inalo jina la mzazi aliyedekeza, naye ni Eli, kuhani wa Shilo, ambaye wanawe walijiletea laana “wala yeye hakuwazuia.” Eli hakuwaonea wanawe neema, aliwaacha peke yao na tamaa zao. Mzazi anayelea kwa neema humzuia mtoto. Mtoto akimpiga mdogo wake, huondolewa mchezoni, huambiwa kwa maneno machache kwa nini ameondolewa, na hurudishwa baada ya kutengeneza alichoharibu. Asichotendewa ni kuambiwa kwamba yeye ni shetani, kwamba Yesu hampendi, au kunyimwa uso wa mzazi mpaka kesho yake. Mzazi wa namna hii anaweza kusema hapana mara 20 kwa siku, na mtoto akalala akijua ni wa nani.

Dhana potofu: Biblia imeagiza viboko, na asiyechapa hamtii Mungu

Jambo hili linahitaji uangalifu, maana wapo wapendwa wanaolishika kwa dhamiri njema. Mithali 13:24 inasema asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, na Mithali 23:13 inataja mapigo waziwazi. Sitaki kuipindisha mistari hiyo ili inifae. Nauliza tu inazungumza na nani, na fimbo ilikuwa na kazi gani mikononi mwa watu walioandikiwa.

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa fimbo katika Mithali 13:24 ndilo lililotafsiriwa gongo katika Zaburi ya 23: “Gongo lako na fimbo yako vyanifariji.” Ni chombo cha mchungaji. Sisi wa Usukumani hatuhitaji kueleza sana mchungaji hufanya nini na fimbo, kwa kuwa tumewaona vijana wakirudisha ng’ombe jioni. Fimbo huelekeza kundi lisiingie shamba la mtu, humzuia fahali mkorofi, na humfukuza fisi, wala hujamwona mchungaji mwenye akili akimcharaza ndama aliyezaliwa juzi kwa kuwa hajui njia. Pili, mwana anayeambiwa maneno ya Mithali, hasa katika sura za mwanzo, huonywa asiandamane na wanyang’anyi wanaovizia damu na asiingie nyumbani kwa mwanamke mzinzi. Huyo ni kijana, anayejua atendalo. Kuyachukua maneno aliyoambiwa yeye na kuyamaliza mgongoni mwa mtoto wa miaka mitatu ni kusoma barua ya mtu mwingine. Tatu, Agano Jipya linapozungumza moja kwa moja na wazazi, katika Waefeso na katika Wakolosai 3:21, kiboko hakitajwi, kinachotajwa ni hatari ya kuwachokoza watoto “wasije wakakata tamaa.”

Kuhusu sheria ya nchi, wako wanaodhani haina la kusema ndani ya nyumba ya mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na inaeleza kwamba adhabu haihalalishiki ikiwa imepita kiasi kwa umri na hali ya mtoto, wala ikiwa mtoto kwa udogo wake hawezi kuelewa kusudi lake. Kifungu hiki hakikutungwa bila sababu. Mwaka huo huo wa 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wasichana kwa wavulana, walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, huku waliotajwa sana kuwa watendaji wakiwa ni ndugu na walimu. Nchi yenye makanisa mengi kama yetu inapaswa kuhuzunishwa na takwimu hiyo.

Dhana potofu: Mtoto mdogo anayegaragara chini ana roho ya ukaidi

Ubongo wa mtoto hufikia takribani asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima anapotimiza miaka miwili, na takribani asilimia 90 anapotimiza mitano. Ukuaji huo wa haraka huwadanganya wazazi, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kujizuia, kungoja zamu na kupima matokeo, ndiyo huchelewa kukomaa kuliko zote, na huendelea kukua mpaka baada ya miaka 20. Mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini sokoni Kirumba kwa kuwa amenyimwa muwa hana njama dhidi ya baba yake. Amezidiwa. Anahitaji mtu mzima asiyezidiwa, atakayemwinua, amtoe penye kelele na kumtuliza kwanza, kwa maana mtoto aliye katikati ya kilio hasikii mafundisho. Maneno yanakuja baadaye, nayo yawe machache.

Hili halipingani na fundisho kwamba sote tumezaliwa tukiwa na hitaji la Mwokozi. Wenye dhambi pia husinzia, huona njaa na huota meno.

Dhana potofu: Mzazi akimwomba mtoto radhi, heshima yake inashuka

Nililelewa Ukerewe, na katika utoto wangu sikuwahi kumsikia mtu mzima akimwambia mtoto “nisamehe.” Siwalaumu, hawakuwahi kuambiwa wao pia. Nami niliamini kwamba kuomba radhi hushusha heshima, mpaka Jumapili moja tulipochelewa ibada kwa sababu binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, hakuviona viatu vyake. Nilimfokea mbele ya majirani na kumwita mzembe, tukaenda kanisani naye akakaa kwenye benchi ibada nzima akiangalia magoti yake, huku mimi, mwalimu wake, nikiongoza wimbo wa neema. Baada ya chakula cha mchana nilivikuta viatu vile chini ya kitanda changu, nilikovisukuma mwenyewe nilipokuwa nikitafuta mkanda.

Nilimwita, nikakaa kwenye kigoda ili macho yetu yawe sawa, nikamwambia nilimwita jina baya, kwamba haikuwa kweli, kwamba ile ilikuwa dhambi yangu, na kwamba namwomba anisamehe. Sikuongeza “lakini na wewe.” Alinitazama kwa muda, akasema, “Nimekusamehe, baba,” akatoka. Jioni alirudi mwenyewe akiwa analia, akaniambia kwamba shilingi 200 za sadaka alizopewa majuma mawili yaliyopita alinunulia ubuyu.

Sikuwa nimemuuliza. Hakuna kiboko ambacho kingeitoa habari ile, kwa sababu mtoto anayeogopa hujifunza kuficha kabla ya kujifunza kutubu. Na kwa wale wanaohofu kwamba hapo ndipo nilipomdekeza, hakudekezwa: alimenya karanga za bibi yake siku tatu, akalipwa, akairudisha sadaka kwa mkono wake. Yakobo aliposema “Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi,” hakuweka kipimo cha umri. Tangu siku ile nimeomba radhi mara nyingi nyumbani kwangu, na sijaona heshima ikipungua; kilichopungua ni uongo.

Dhana potofu: Kumfundisha mtoto imani ni kazi ya mwalimu wa kanisani

Sisi walimu wa watoto tunakaa nao saa moja au mbili, mara 52 kwa mwaka wasipougua na wasiposafiri. Kumbukumbu la Torati 6 linaagiza maneno ya Mungu yanenwe na mzazi aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo, yaani katika yale yale anayoyafanya kila siku. Kwa hiyo ibada ya nyumbani haihitaji mahubiri. Kwa mtoto wa miaka minne dakika tano zinatosha: kisa kifupi, wimbo mmoja, na sala ambayo na yeye ataweka sentensi yake, hata kama kila jioni anamwombea kuku. Mama anayeparua magamba ya sato huku akisimulia jinsi wanafunzi walivyovua usiku kucha wasipate kitu, na Yesu akawaandalia samaki juu ya makaa asubuhi, ana picha ya kufundishia iliyo bora kuliko niliyo nayo mimi darasani.

Wengine husema haya hayawezekani kwa familia za wavuvi, kwa kuwa baba yuko ziwani. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola pia, na mbalamwezi ikiwaka sana uvuvi husimama kwa siku kadhaa, maana mwanga wa taa haumvuti tena dagaa. Nyumbani kwetu siku hizo za mbalamwezi ndizo zilizokuwa za baba. Tulikaa uani kukiwa kweupe kama mchana, akasoma polepole, kidole juu ya mstari, kwa kuwa hakusoma sana shule, naye alipokosea neno mama alimsahihisha mbele yetu, akashukuru na kuendelea. Siku za giza mama alisoma peke yake na kumwombea yeye aliye majini. Timotheo naye aliipokea imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Babaye alikuwa Myunani, na hatuambiwi kwamba alisaidia. Hakuna nyumba iliyopungukiwa mno kiasi cha kushindwa kuanza.

Dhana potofu: Ukimlea mtoto vema, hawezi kuiacha imani

Mithali 22:6, “Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee,” husomwa kama hati ya mkataba, na matokeo yake ni maumivu ya pande mbili: wazazi ambao watoto wao wanakwenda vema hujivuna, na wale ambao mwana wao hakanyagi tena kanisani huenda ibadani wakiwa wameinamisha vichwa, wakijiuliza walikosea sala gani. Mithali ni kitabu cha hekima, kinachosema jinsi mambo yaendavyo kwa kawaida. Kitabu hicho hicho kinataja mara nyingi mwana mpumbavu aliye huzuni kwa mamaye, pasipo kudai kwamba mama ndiye aliyemfanya mpumbavu. Katika Isaya 1:2 Bwana mwenyewe anasema amewalea watoto na kuwakuza, nao wamemwasi.

Wazazi wa namna hiyo ninapoketi nao, husoma pamoja nao Luka 15 mpaka mwisho, kwa sababu wengi huishia penye karamu. Baba yule alikuwa na wana wawili na malezi yale yale, na wote wawili walikuwa nje kwa namna tofauti. Alimkimbilia mdogo alipokuwa angali mbali, akamwangukia shingoni. Kisha, nyumba ikiwa imejaa ngoma na wageni, akatoka tena, akasimama na yule mkubwa aliyekataa kuingia, akamsihi. Yesu hakutuambia kama aliingia.