Homesisi ya mionzi: je, dozi ndogo ni dawa?

Homesisi ni dhana kwamba kitu kinachodhuru kikizidi kinaweza kuufaa mwili kikiwa kidogo sana. Kwa mionzi, watetezi wake husema dozi ndogo huziamsha seli zikarabati DNA yake. Mamlaka za kinga ya mionzi hufuata kanuni tofauti: kila dozi, hata iwe ndogo vipi, huongeza hatari ya saratani kwa kadiri yake.

Ubishi haukatiki upesi kwa sababu saratani huwapata watu wengi hata bila mionzi ya ziada. Kuliona ongezeko dogo kunahitaji kufuatilia umati kwa miongo. Utafiti wa aina hiyo, uliohusu wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa sekta ya nyuklia Ufaransa, Uingereza na Marekani, ulitoa matokeo mwaka 2023: hatari ilipanda pamoja na dozi, na haikuonekana kinga yoyote kwenye dozi za chini. Kwangu huo ni ushahidi mzito dhidi ya homesisi.

Lakini kuna tiba inayochanganywa nayo bila haki. Ujerumani, madaktari hupiga mionzi goti lililochakaa au kisigino kinachouma, mara nyingi grei 0.5 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa awamu hadi zifike 3. Uvimbe wa saratani huweza kupewa 60. Hapo hakuna anayedai mionzi inauimarisha mwili mzima. Inalengwa sehemu moja ili kutuliza maumivu, hasa kwa wazee, ambao hatari ya saratani ya miaka mingi mbele inawahusu kidogo kuliko vijana.

Je, inafaa? Majaribio ya Uholanzi kwa wenye magoti na mikono iliyochakaa yalikuwa na kundi lililolazwa chini ya mashine bila kupigwa mionzi, na makundi yote yalipata nafuu karibu sawa. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe, kwa hiyo jaribio lisilo na kundi kama hilo halinishawishi. Jaribio la Korea Kusini lililotangazwa 2025 lilikuwa nalo, na grei 3 ziliwapa wenye magoti nafuu kuliko mashine tupu. Ni habari njema kwa tiba hiyo ya goti. Haimpi mtu ruhusa ya kuuza kidani chenye madini ya mionzi eti kinaongeza kinga. Uholanzi ilipovipima vidani vya namna hiyo mwaka 2021, iliwaambia wenye navyo waache kuvivaa.