Klabu Ikiwekwa Sokoni, Soma Tarehe Kabla ya Bei

Katibu wa klabu moja ya mkoani kwetu alifika ofisini, hapa Moshi, na faili nene lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Klabu inatafuta mwekezaji, akaomba tumsaidie kuzipanga hesabu "zipendeze". Kazi yetu ni kufundisha watu kusoma hesabu, si kuzipamba, lakini mgeni hafukuzwi. Tuliagiza chai, tukafungua mikataba ya wachezaji mmoja mmoja. Walikuwa 24. Mikataba 19 ilikuwa inaisha siku moja, Juni 30.

"Mwalimu, hapo tumecheza kama Pele," alisema. "Mnunuzi akija habanwi na mtu."

Kweli habanwi. Ila kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 kwenye mkataba kuzungumza na klabu nyingine. Kwa hiyo tangu Januari wale 19 walikuwa wanaweza kusaini kwingine, na Juni waondoke bila klabu kuambulia hata shilingi. Timu ya kupanga uwanjani ilikuwepo. Ya kuuza haikuwepo.

Mkulima wa kahawa wa huku anaelewa haraka. Mkahawa ukizeeka unaukata, kinabaki kisiki, unachagua machipukizi na kukubali kukosa mavuno kama misimu miwili. Aliyekodi shamba na muda wake unaisha mwakani hathubutu kushika msumeno. Atakamua hata matawi yaliyochoka, apate debe la mwisho. (Kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, ni habari nyingine, hicho hakiuzwi.) Viongozi wa klabu iliyo sokoni huwa wapangaji wa namna hiyo hata kama wana nia njema, kwa sababu hasara ya kukata wataiona wao na mavuno atayaona mwingine.

Chukua mauzo ya mchezaji. Tuseme mlimsajili kwa shilingi milioni 60, mkataba wa miaka 3. Vitabuni thamani yake inapungua milioni 20 kila mwaka, hivyo baada ya miaka 2 imebaki milioni 20. Mkimuuza kwa milioni 45, hesabu za mwaka huo zinaonyesha faida ya milioni 25. Karatasi inapendeza. Nafasi yake mnamleta mchezaji wa mkopo, akifunga mabao 10 thamani inapanda kwa klabu iliyomkopesha. Mwekezaji makini hataishia kwenye ile faida, atauliza imetoka wapi na kama mwakani itajirudia.

Kocha wa muda naye ni dalili. Septemba 2008 Kevin Keegan aliondoka Newcastle United ya Uingereza, na mmiliki, Mike Ashley, akatangaza kwamba anaiuza klabu. Nani angempa kocha mkataba mrefu wakati bosi mpya huenda akaja na wake? Akaletwa Joe Kinnear kwa mwezi mmoja, kisha mwezi ukawa unasogezwa. Desemba, mnunuzi hakupatikana, klabu ikaondolewa sokoni. Februari Kinnear akaugua moyo. Aprili akakabidhiwa Alan Shearer mechi 8 za mwisho, akashinda 1. Mei 2009 wakashuka daraja. Klabu hiyo ilikuja kuuzwa 2021, miaka 13 baada ya tangazo la kwanza. Uamuzi wa "tusubiri kidogo" ulikuwa na maana kila ulipofanywa, ukiutazama peke yake. Ni jumla yake iliyoishusha timu.

Kwetu kinachokatwa kwanza ni timu ya vijana. Haina mashabiki, haina kelele, na nauli zake, mipira na posho zinaonekana kama matumizi tu. Lakini mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ada ikiwa dola 300,000, hapo kuna dola 15,000 za kugawana, na usipokuwa na kumbukumbu za usajili wake utahangaika kuthibitisha kuwa alipita kwako. Nilimuuliza katibu daftari la vijana liko wapi. Alisema lilikuwa kwa kocha wao wa zamani, ambaye waliachana naye mwaka jana ili kupunguza gharama.

Madeni ndiyo yanayofichwa zaidi, na ndiyo yasiyofichika. Klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi 2 isivyo halali, anaweza kuidai kwa maandishi, akaipa siku 15, kisha akavunja mkataba. Kubadilisha jina la klabu hakufuti deni, maana FIFA humfuata hata mrithi. Kwenye faili lile tulikuta pia makato ya NSSF yaliyotolewa kwenye mishahara ya miezi mitano. Stakabadhi za kuyapeleka zilikuwa za miezi miwili.

Wanachama wa klabu zetu wasidhani haya ni matatizo ya mnunuzi. Mfumo uliokubalika kwa klabu za wanachama kama Simba ni wanachama kubaki na asilimia 51 na mwekezaji kupata 49. Maana yake muuzaji haondoki. Anayepaka rangi ukuta wenye ufa ili mgeni asiuone, usiku atalala humo humo, tena upande mkubwa.

Tuliandika tarehe zote kwenye karatasi moja: mikataba inaisha lini, mishahara ililipwa mara ya mwisho lini, kocha ana mkataba hadi lini. Katibu aliitazama kwa muda, chai ikapoa. Kisha akauliza kama tuna mashine ya kutoa nakala, maana mkutano wa wanachama ni Jumapili na alitaka nakala 40.