Shamba Lako, Madini ya Nani?

“Dhahabu ikionekana shambani kwangu, ni yangu.” Kauli hii imezoeleka, lakini sheria ya Tanzania haisemi hivyo. Hati ya ardhi, hata ya kimila, inakupa haki ya kutumia ardhi: kujenga, kulima, kufuga. Madini yaliyo chini yake ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Gesi na mafuta vivyo hivyo.

Wengi hutoa mfano wa Saniniu Laizer, aliyeiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti mwaka 2020 kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Moja lilizidi kilo 9. Mawe yale hayakuwa yake kwa sababu ya shamba. Alikuwa mchimbaji mdogo mwenye leseni kule Mirerani. Na hata mwenye leseni hulipa mrabaha, yaani malipo kwa serikali kwa madini yaliyochimbwa, unaokokotolewa kwenye thamani ya madini, si kwenye faida. Aliyepata hasara naye analipa.

Je, mwenye shamba hana chake? Anacho, na hapa ndipo watu hupunjwa kwa kutojua. Mwenye leseni haruhusiwi kuchimba jirani na nyumba yako bila ridhaa yako ya maandishi. Akiharibu mazao, miti au majengo, anapaswa kukulipa fidia. Nawe unaweza kuendelea kulima na kuchunga pale usipozuia uchimbaji. Kabla hujasaini makubaliano yoyote, dai uione leseni yenyewe: jina, mipaka, tarehe ya kwisha. Kisha ihakiki kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako.